Barabara ikitengenea, mie na ng'ombe wangu tutakula wapi?

Leo msikitini nimeshindwa kuitikia Amin. 🙈

Msinihukumu, nisikilizeni kwanza.

Tangu mvua ibebe karavati letu hapa Mgogoni, gari hazipiti. Mie na gari langu la ng'ombe ndio tunaovusha watu na mizigo. Unga, mabati, juzi bibi harusi na kitanda chake! Miaka yote natafuta kazi, kumbe kazi ilikuwa chini ya karavati.

Sasa leo, baada ya sala ya Ijumaa, Imamu akainua mikono: "Ya Allah, tunakuomba barabara yetu itengenee upesi."

Msikiti mzima: "Amiiin!"

Mie kimya. Naangalia mkeka.

Mzee Faki, aliyekaa ubavuni mwangu, hana siri yule. "Imamu, rejea dua! Huyu hakuitikia!"

Watu kicheko. Nilitamani mkeka ule unimeze.

Imamu akanitazama, akatabasamu. "Hamadi, mawe ya kujazia barabara yapo huku kwetu machimboni, na lori limekwama ng'ambo. Tumekubaliana tukukodi weye na ng'ombe wako muyabebe. Waonaje?"

Hapo nikaitikia Amin moja, njiwa wa juu ya paa wote wakaruka! 😂

Basi kesho asubuhi naanza kubeba mawe ya kuizika riziki yangu mwenyewe.

Ila jamani, lile daraja la bondeni nalo naliona lishaanza kucheza...

Astaghfirullah! Niombeeni dua. Lakini Mzee Faki asijue.