Fundi Redio Aliyehamia Ghorofani

Mjomba wangu hawezi kusema hapana. Neno lenyewe analijua, na nimewahi kumsikia akilifanyia mazoezi bafuni, lakini akisimama mbele ya mtu mwenye shida linamkwama kooni. Badala yake anasema, "Haya, tutaangalia." Kwa "tutaangalia" hiyo ameshabebeshwa mizigo ya watu, amesimamia harusi za watu asiowajua, na amefuga mbuzi wa jirani mpaka mbuzi akafa kwa uzee.

Kazi yake ni kutengeneza redio. Miaka yote alikuwa na chumba cha chini katika jengo la ghorofa moja, mlango ukitazama barabarani, na juu yake kabisa alikuwa fundi cherehani, mama mmoja mnene na mcheshi ambaye watu humwita Mama Pini kwa sababu mdomo wake siku zote umejaa pini. Siku moja Mama Pini alishuka akishikilia magoti, akaketi kwenye kiti cha mteja na kupumua kwa nguvu.

"Fundi, ngazi zinaniua. Na wateja wangu unawaona walivyo, wakifika juu vipimo vimeshabadilika kwa jasho. Hatuwezi kubadilishana vyumba kweli?"

Sote tunajua mjomba alisema nini. Wiki haikuisha, meza yake ya redio ikawa juu na cherehani ikawa chini. Mke wake, yaani mkaza mjomba wangu, alisaidia kubeba meza ile ngazi kwa ngazi huku akimsema bila kupumzika, maana mama huyu ana ulimi usiolala. Mjomba alijifariji kwamba ghorofani mawimbi yanashika vizuri zaidi.

Alibandika tangazo kubwa ukutani, kando ya mlango wa chini: FUNDI REDIO AMEHAMIA JUU. Herufi nzuri, rangi nyekundu. Hakuna aliyelisoma. Mahali pale palikuwa na tangazo la betri tangu zamani, na macho ya watu yalishazoea kupita bila kusoma kitu. Ungeweza kuandika pale kwamba jengo linawaka moto, watu wangeingia tu.

Basi miguu ya watu ikaendelea kwenda ilikozoea. Wenye nguo za kushona walipanda ghorofani. Mwanamume mmoja aliingia akiongea na simu, akatupa suruali katikati ya nyaya, akasema, "Kiuno, ongeza vidole viwili," akatoka bila kuinua macho. Meza imejaa matumbo ya redio, chumba kinanuka moshi wa kulehemu, na yeye ameona cherehani! Mjomba akaichukua suruali.

Siku nyingine alikuja mama mmoja, akasimama katikati ya chumba, akanyoosha mikono pembeni tayari kupimwa, na kuanza kusimulia ugomvi wake na wifi yake. Ugomvi ulikuwa mrefu, na hapakuwa na upenyo wa kumwambia kwamba amepotea njia. Mjomba, jasho likimtiririka, alichukua waya wa antena akampima, kila kipimo akipiga fundo. Kisha akateremka kwa Mama Pini na waya wenye mafundo.

"Hili fundo ni la bega au la kiuno?" Mama Pini aliuliza.

"Sijui, Mama Pini. Nilifumba macho."

Mama Pini alicheka mpaka akalazimika kutema pini zote. Lakini gauni alishona, na nasikia lilimkaa yule mama vizuri ajabu.

Sisi nyumbani tulivunjika mbavu kwa habari hizi, ila mjomba hakucheka. Nguo zilikuja, redio hazikuja. Akawa anakaa juu kule amezungukwa na suruali za watu, koleo na bisibisi zikimtazama. Jioni moja alirudi, akavua viatu na kusema taratibu kwamba zama zake zimepita. Watu wana simu mfukoni, simu inaimba, inasoma habari, inaonyesha hata picha. Nani atahangaika na redio? Alikuwa amepata mtu wa kununua vifaa vyake vyote, na shemeji yake alikuwa tayari kumpa kazi ya kulinda geti la ghala. Mwisho wa mwezi angefunga.

"Ni kazi ya halali," mkaza mjomba akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Mimi nilikwenda kusimama uani. Iliniuma. Mtu anayeweza kusikia ugonjwa wa redio kwa kuigonga mgongoni, leo anakwenda kufungulia malori mlango!

Na hapo ndipo ninapotamani kumkamata kila mtu wa mtaa ule kwa ukosi. Redio zilikuwa zinakuja! Zilikuja kila siku, chini, kwenye mlango wa zamani. Mwanzoni Mama Pini alimweleza kila mtu kwa mdomo. Baadaye akapata kazi kubwa ya kushona majoho meusi ya wahitimu wa chuo, akayatundika kutoka ukuta hadi ukuta, mdomo ukajaa pini asubuhi hadi jioni, na vumbi la kitambaa likawa linamliza machozi. Mtu akisimama mlangoni na redio, Mama Pini alifumba macho kwa uchovu, akatikisa kichwa, kisha akainua kidole kuelekea juu. Kwake yeye huko ndiko kujibu.

Wengi waliona mama ana kazi, wakarudi na redio zao nyumbani. Lakini siku moja alikuja mzee tunayemwita Mzee Sanduku, kwa vile redio yake ni kubwa kama sanduku la safari. Alisimama mlangoni, akauliza, "Fundi redio yupo?" Meza ya fundi haipo. Chumba kizima cheusi. Mama ana machozi, anatikisa kichwa, anaonyesha mbinguni. Mzee alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo na kuondoka kimya kimya na sanduku lake.

Mpaka mchana mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila aliyeipokea aliitia chumvi kabla ya kuipitisha. Mmoja alisema ni presha. Mwingine alisema ni umeme, na akaonyesha kwa mwili jinsi mjomba alivyorushwa kutoka mezani hadi dirishani, utadhani alikuwapo.

Mkaza mjomba alikuwa anafua nguo watu wa kwanza walipoingia wameshika vifua. Walipomwambia, alicheka.

"Mume wangu? Asubuhi amekunywa chai yangu hapa na kulalamika haina sukari!"

"Ndivyo wanavyoaga, mama," mama mmoja akamjibu kwa huruma, akamshika bega.

Alipiga simu ya mjomba. Haikupatikana, jambo lisilokuwa la ajabu, maana simu ya mjomba mara nyingi huwa imefunguliwa tumbo ili kifaa chake kiazimwe kwa redio ya mtu. Watu waliendelea kuingia, na kila aliyeingia alikuwa na uhakika kuliko aliyemtangulia. Nikaona rangi ya uso wake inabadilika. Alijitupia mtandio, mikono bado ina povu, akatoka mbio.

Na sasa sikiliza. Mama huyu alibeba ile meza kwa mikono yake mwenyewe kuipandisha juu. Alijua mumewe yuko ghorofani kama anavyojua jina lake. Lakini hofu ilipomshika, aliiachia miguu impeleke, na miguu ikampeleka kwenye mlango aliompelekea mumewe chakula cha mchana miaka nenda miaka rudi. Akakuta weusi mtupu. Akakuta Mama Pini, machozi yanamtoka, akimvisha mteja joho. Mama Pini, kwa mazoea, akatikisa kichwa na kuinua kidole.

Mpaka Mama Pini anamaliza kutema pini, mlangoni hapakuwa na mtu. Akapanda ngazi, magoti yakilia.

"Fundi, mkeo amekuja. Nimemwonyesha huku juu. Hajafika?"

"Hajafika. Alikuwaje?"

"Alipiga kelele, akakimbia."

Mjomba alifikiri kidogo. "Basi amekasirika," akasema.

Akafunga chumba mapema. Alibeba mkononi rundo la suruali zilizokuwa zinasubiri kiraka, kwa nia ya kumtuliza mkewe kwa kumwonyesha kwamba kazi ipo, na akaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, kama afanyavyo kila mkewe akiwa na hasira.

Uani alikuta viti vimepangwa na wanaume wameketi vichwa chini. Mtu mwingine angeuliza kuna nini nyumbani kwake. Mjomba wangu aliona si adabu kuwakatiza watu wenye huzuni. Akavuta kiti cha nyuma kabisa, akaweka suruali magotini na kuinamisha kichwa kama wenzake. Mimi nilikuwa jikoni ninapika chai huku kamasi na machozi vinanichuruzika, sikumwona. Mkaza mjomba alikuwa chumbani na akina mama. Na wale wanaume, nawaapia, walimwona! Walimsogezea kiti. Lakini walikuja kumlilia mtu aliyekufa, basi aliyeketi kando yao hakuweza kuwa yeye.

Baada ya muda mjomba alimnong'oneza jirani yake, "Nani?"

"Fundi redio," jirani akajibu bila kuinua macho.

Mjomba alinisimulia baadaye kwamba habari ile ilimchoma sana, kwa sababu mafundi redio wamebaki wachache. Akawa anajaribu kukumbuka ni yupi.

"Mikono yake ilikuwa mikono," mmoja akasema mbele. "Nilimpelekea redio juzi tu, nikakuta mambo yameshaharibika."

"Hata mimi," wa pili akasema. "Nilikwenda mara mbili. Narudi nayo. Redio iko kitandani kwangu mpaka sasa."

"Mimi simu ninayo," akasema wa tatu, "lakini simu ni ya kuongea na watu wanaonidai. Redio ndiyo inayoniamsha. Nani mwingine atanitengenezea bila kunicheka?"

Mjomba aliinua kichwa polepole. Aliitazama kamba ya nguo, nguo zake mwenyewe zikiwa zimeanikwa nusu. Alisikia kilio chumbani, na kilio hicho alikijua. Alielewa. Lakini hebu jiweke katika nafasi yake: watu wameacha shughuli zao, wamevaa vizuri, wamekuja kukulilia. Unaanzaje kuwaambia kwamba upo? Akabaki ameketi, amezikumbatia zile suruali.

Ndipo Mzee Sanduku akavuta pumzi ndefu. "Yangu inanguruma tu. Ukiiwasha, mngurumo. Basi ndiyo itanguruma mpaka nife."

Hapo mjomba akashindwa kujizuia.

"Inanguruma hata ukipunguza sauti mpaka mwisho?" akauliza kutoka nyuma.

"Hata nikipunguza," mzee akajibu, macho chini.

"Na umeshajaribu kuiwasha kwa betri?"

"Kwa betri haingurumi."

"Basi ni kapasita ya upande wa umeme. Kazi ndogo hiyo."

Mzee Sanduku alitikisa kichwa kwa majonzi. "Marehemu angesema hivyo hivyo. Na sauti hiyo hiyo."

Kisha akageuka. Sitaki kutia chumvi, lakini viti vilivyoanguka pale uani tulivikusanya mpaka jioni. Mmoja aliruka ukuta, na mpaka leo anasema alikuwa anawahi kwake. Mimi nilitoka jikoni na birika mkononi, nikamwona mjomba amesimama peke yake katikati ya viti vilivyopinduka, na suruali za watu zimemzunguka miguuni.

"Samahani jamani," alikuwa anasema. "Samahani sana. Mimi sikujua."

Mkaza mjomba alitoka mbio. Aliposimama mbele yake, ule ulimi usiolala ulikuwa umepotea. Alimshika mashavu. Akamshika mabega, akamminya mikono kama mtu anayechagua viazi. Mwishowe akampiga kofi la begani, zito, akaangua kilio na kusema, "Umekula?"

"Bado," mjomba akasema. Kisha na yeye akaanza kulia, mbele ya watu wote, akijifuta kwa suruali ya mteja. "Nilidhani hamnihitaji tena. Nilikaa kule juu nikadhani mmeniacha."

Wanaume walitazama miguu yao.

Kesho yake nilimpelekea chakula, na ilinibidi nisubiri kwenye ngazi. Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka chini, kila mmoja na redio kifuani, wengine wakijidai kwamba siku zote walijua kuwa fundi yuko juu. Mama Pini aliwafukuza mlangoni kwake kwa rula ya mbao, akiwa ametema pini kwa makusudi. Yule aliyetaka kununua vifaa alikuja kuvichukua, akasubiri mjomba amwambie avibebe. Nami nilisubiri. Mjomba alimtazama usoni, akakohoa.

"Hapana," akasema.

Nadhani alijishtua mwenyewe, maana alishika ukingo wa meza.

Wa mwisho siku ile alikuwa jirani aliyeketi naye uani, yule aliyemjibu "fundi redio." Alikuwa na redio ndogo ya mkononi. Mjomba aliiwasha, ikaimba vizuri. Akaigonga mgongoni, ikaendelea kuimba. Akaipeleka sikioni, akakunja uso.

"Hii ina shida gani?"

"Haina shida, fundi," jirani akasema. "Nimekuja kukutazama tu."

Mjomba akamsogezea kiti, akachukua bisibisi, akaifungua ile redio nzima na kuanza kuifuta vumbi, sehemu moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote.