Pambizo la Ukurasa wa Nuu

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu hakunipa hata kiti. Ilikuwa katika masjala ya misheni, Kitui, yaani chumba cha kuhifadhia vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko. Chumba kilikuwa na dirisha moja na mchwa wasio na idadi. Alinifungulia kitabu kikuukuu, akaniamuru nisome. Nikasoma jina, baba, mama na kijiji, kwa sauti ya msichana aliyemaliza shule juzi.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mzee."

"Bado. Hii ya pembeni umeachia nani? Sikiza, msichana. Hapa katikati watu huandika vile wanatakiwa kuandika. Ukweli huwekwa kando. Soma pambizo kila siku, ama urudi kwenu uchunge mbuzi."

Nilimwogopa mtu yule miaka yote sita niliyokaa chini yake. Lakini nilisoma kila pambizo.

Baadaye nilihamishiwa Mwingi, kwa Padre Msimamizi aliyependa chai kuliko vitabu. Huko ndiko nilikojifunza kufuatilia koo. Watu wenye kesi za urithi walikuja kutaka ushahidi kwamba fulani alizaliwa na fulani, nasi tuliwachorea mti wa ukoo, kuanzia kwa walio hai kurudi nyuma hadi kwa wafu. Tulikuwa na kanuni moja tuliyofundishwa kama sala: ukifika kwa watu, anza na kaburi. Usiulize nani alimzaa nani. Uliza mzee amelala wapi, uonyeshwe, usimame pale kwa heshima, na wenyewe watakusimulia mengine yote. Anayeanza na maswali ya damu huonekana mwizi wa shamba.

Makueni ndipo nilipomalizia kazi, na mwaka wa mwisho ndio ulionitia hofu ambayo haijanitoka. Katibu wa Masjala aliniita akiwa na barua mkononi.

"Mama, hii ni ya kutoka Ireland. Huyu mzungu anatafuta mtu wao. Ni wewe tu unaweza kusoma mwandiko wa mapadre wa zamani."

Mwandishi alikuwa Bi Nora, mwalimu mstaafu. Babu wa baba yake, Daniel Hanlon, alikuwa mkulima wa viazi katika karne ya kumi na tisa, na watoto wake sita walitawanywa na njaa na shida. Bi Nora alikuwa amewafuatilia watano kupitia vitabu vya parokia zao, akakuta vizazi vyote vimekwisha ila yeye. Alibaki Thomas, kitinda mimba, aliyekuja kwetu kutandika reli. Barua zake zilikoma Mtito Andei. Bi Nora hakuolewa, na ndugu zake walikuwa wamekufa. Aliuliza jambo moja tu: je, amebaki peke yake?

Tuliandikiana miezi mingi. Akanieleza kwamba zamani kwao mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba. Nikacheka peke yangu ofisini. Kumbe Waairishi ni Wakamba kama sisi!

Kaburi la Thomas nililipata upesi katika kitabu cha maziko: homa, kando ya reli. Ningeishia hapo. Lakini katika kitabu cha ubatizo nilichokiazima kutoka Kitui nikakutana na mvulana wa Nuu aliyeitwa Danieli Musyoka. Safu ya baba ilisema Mutua, na Musyoka lilikuwa jina la babake Mutua. Kila kitu kilikuwa sawa, ila nilijua kutoka ukurasa mwingine kwamba Mutua alikufa kabla reli haijafika. Nikatazama pambizo. Padre alikuwa ameandika kwa penseli: "Mama asema aliyemzaa ni Thomas Hanlon, Mwairishi wa reli."

Kijana akiisoma habari hii leo atashangaa, lakini sisi hatukushangaa. Kwetu mjane asiye na mtoto aliweza kuoa mwanamke mwenzake, aitwaye iweto. Akimlipia mbuzi na ng'ombe, watoto wa iweto ni wa nyumba ile, wa marehemu mume, na hakuna anayeuliza mbegu ilitoka wapi. Mama yake Danieli alikuwa msichana aliyeifuata reli wakati wa njaa akitafuta mchele. Alirudi na mimba, na mjane wa Mutua akamwoa. Mtoto akapewa Musyoka kwa ajili ya babu wa nyumba ile, na Danieli kwa ajili ya babu wa ng'ambo.

Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikimbilia Nuu nikasahau kanuni ya kaburi. Nikasimama katika ofisi ya chifu, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, nikauliza kwa sauti nyumba ya yule Danieli aliyezaliwa na mzungu wa reli. Kwenye benchi alikuwepo Kilonzo, mjukuu wa ndugu yake Mutua. Alitabasamu. Tabasamu lile nilikuja kulielewa mwezi uliofuata, mkwe wa Danieli, aliyeolewa na mwanawe, aliponijia ofisini. Alikuwa mjane mzee, na kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyepewa jina la babu yake, watu walimwita Mama Danieli.

"Mwanangu, umetuulizia nini kwa chifu? Kilonzo anasema sisi ni wa mzungu, tutoke, tutafute shamba ya mzungu. Iko wapi hiyo shamba? Bwana yangu amezikwa hapo. Wajukuu kumi na wawili wanakula hapo."

"Mama, wazee wanajua mila ya iweto."

"Wazee wanajua. Kilonzo ako na wakili. Anasema korti ya siku hizi inataka damu. Na ukoo umekuita uje na hicho kitabu, usome."

Sijawahi kuogopa vile. Mdomo wangu ndio uliolichoma lile boma.

Mkutano ulikuwa asubuhi, ndani ya kanisa la Nuu. Mwenyekiti wa ukoo aliniashiria nisome. Nikakishika kitabu, kidole gumba kikiwa juu ya penseli ya padre, nikasoma jina, baba, mama na kijiji, kama msichana wa siku ya kwanza.

"Baba ni Mutua wa Musyoka."

Kilonzo akaruka. "Asome yote!"

Mwenyekiti akanitazama. "Karani, hiyo ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, mzee."

"Basi. Mbuzi zililipwa, na kitabu kimesema. Tumemaliza."

Bi Nora nilimwandikia kwamba Thomas alikufa kwa homa, na kwamba safu ya baba haina jina lake popote. Kila neno lilikuwa kweli. Nilistaafu miezi mitatu baadaye, nikapewa saa ya ukutani na hotuba kuhusu uaminifu wangu.

Vijana wa masjala sasa wanavipiga picha vitabu vyote viingie kwenye kompyuta, na mashine haina kidole gumba. Simu ikilia kutoka Kitui, moyo hunipasuka kabla sijapokea. Mkinilaumu, nitakubali, ila kwanza nendeni Nuu mkawaone wanaolilima lile shamba. Kosa langu halikuwa kuruka pambizo peke yake. Lilianza siku niliyosahau kuuliza kaburi.

Bi Nora hunitumia kadi kila Krismasi. Mwandiko wake umeanza kuyumba. Mwaka jana aliandika kwamba ananishukuru, maana walau sasa anajua kwa hakika kwamba yeye ndiye wa mwisho, na jina la Daniel litakufa naye. Kadi ninayo hapa mezani. Sijaijibu. Jumapili iliyopita Mama Danieli alinitumia kikapu cha pojo, na aliyekileta mlangoni ni mwanawe wa kwanza.