Sista wa Chumba cha Kufulia

Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Haya, linakunjika, lakini jaribu mashuka mia mbili peke yako uone kama kiuno hakitakusemesha. Sisi tunakunja wawili: wewe shika pembe zako, mwenzako ashike zake, mnavuta, mnasogeleana, anakupokeza, mnaanza tena. Ndivyo nilivyozijua riwaya zote za Mama Foronya. Mimi si msomaji, sina subira hiyo. Nilisimuliwa kipande kwa kipande, kila tulipokutana katikati ya shuka.

Mimi ni wa pasi, yeye ni wa kufua. Miaka ishirini na sita yuko humu katika chumba cha kufulia cha hospitali, na jina hilo tumempa kwa sababu simu yake huiviringisha ndani ya foronya kuukuu na kuitia mfuko wa aproni isilowe. Ndani ya simu hiyo kuna kundi la wasomaji wa riwaya za kihistoria. Watu sitini wasiojuana sura: walimu, wanasheria, watu wa viti vya kuzunguka vya ofisini. Kila wiki wanasoma sura moja, na kila mtu anatuma maoni yake kwa sauti kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Ukikosa mara tatu mfululizo, admini anakutoa. Hana utani.

Mwanzoni nilimcheka. "Dada, umesimama majini tangu asubuhi, bado una nguvu za kukimbizana na wafalme?"

"Huko nakaa kitako," akanijibu.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Siku alipojiunga waliuliza kila mtu anafanya kazi wapi, naye akasema hospitali. Mmoja akaandika, "Karibu, Sista!" Naye hakumsahihisha. Basi, akawa Sista. Mpaka dawa za presha wanamuuliza! Yeye huwaambia, "Nitakujibu kesho," kisha anakwenda kumuuliza nesi wa kweli anapopeleka mashuka wodini. Maoni yake alikuwa akiyarekodi stoo ya mablanketi, mlango umefungwa, ili ngurumo ya mashine isimuumbue.

Mwezi uliopita mashine moja ikafa. Mbili zilizobaki hazikutosha, tukarudi kwenye mabeseni kama watu wa zamani. Ijumaa ya kwanza Mama Foronya alisinzia na simu mkononi, akazinduka saa imepita. Ya pili hakukumbuka hata kama ni Ijumaa. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe wiki ile nilivaa viatu vya jozi tofauti na sikujua mpaka jioni.

Ijumaa ya tatu, saa tano na nusu, tunakunja mashuka ya chumba cha upasuaji. Msimamizi kasimama mlangoni, anayataka kabla ya saa sita. Stoo haiendeki. Mama Foronya macho mekundu, lakini anasimulia. Riwaya yenyewe ilikuwa ya mama mmoja, dobi wa ngomeni, zama za mikuki na farasi. Mtoto wa mtawala kamuua mchunga farasi, kamletea dobi shati lenye damu: lisafishe, na ukisema umekwisha. Dobi akalichemsha. Doa likabaki palepale.

"Sasa sikiliza mambo ya kundi," akaniambia, tumekutana pembe kwa pembe. "Mwanasheria anasema mwandishi kakosea, kuchemshwa kungelitoa. Mwalimu anasema hilo doa ni dhambi ya ufalme, haliwezi kutoka."

"Dhambi gani! Kalichemsha. Damu maji baridi, nani asiyejua?" Humu ndani ndilo jambo la kwanza unalofundishwa. Maji ya moto yanaipika damu kwenye uzi, na ikishapikwa haitoki mpaka nguo ichakae. "Kakosea huyo mwandishi, dobi gani anachemsha damu?"

"Yule mama ana miaka thelathini anafua. Wewe hata siku yako ya pili tu humu, ungekosea?"

"Nisingekosea."

"Naye hakukosea. Kafanya makusudi. Kukataa hawezi, kusema hawezi. Kalichemsha ili lile doa likae milele, siku moja watu walione."

Loo! Nilisimama na pembe zangu mkononi kama mjinga.

"Waambie basi!"

"Nitasema nimejuaje? Nesi hafui." Akatazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika kumi. "Na mashine hii inavyonguruma. Watanicheka."

"Wasipokucheka watakutoa. Chagua."

Akaitoa foronya mfukoni. "Wee hujui tu. Nyumbani naulizwa chakula kiko wapi. Hapa naulizwa mashuka yako wapi. Kule ndiko pekee ninakoulizwa nafikiri nini."

Akapangusa mikono, akaifungua foronya, akabonyeza.

"Jamani, mimi si nesi," akasema. "Ni dobi. Hiyo kelele ni mashine. Mnisamehe. Sasa niwaambie kuhusu lile shati." Akawaambia yote, maji baridi na maji ya moto, mpaka mwisho. Kisha akanipa simu kama kitu kinachounguza. "Nishikie. Sitaki kusikia."

Mashuka yakaenda. Kwenye mapumziko akavua viatu, akajilaza juu ya rundo la mablanketi, na kabla sijafungua chakula changu alikuwa amekwishalala. Mimi nikaiweka simu sikioni.

Wa kwanza alikuwa mwanamume: "Kwa hiyo presha yangu nimekuwa nikimweleza dobi?" Nilitamani nimpitishie pasi mdomoni. Akafuata yule mwalimu, taratibu: "Nimesoma sura ile mara tatu, sikuliona hilo. Nimeona haya. Dobi, tafadhali turudishe mwanzo wa sura, utueleze alichofanya mama yule hatua kwa hatua." Kisha wakafululiza. Dobi, tunakusikiliza. Dobi, uko wapi? Hatuendelei bila wewe. Admini naye: Dobi, ingia sasa hivi, watu wote wako hapa.

Nikamtazama. Miguu imevimba, vidole vimechanika kwa sabuni, mdomo wazi. Miaka ishirini na sita kila mtu akimwita, anakwenda.

Nikabonyeza palepale alipobonyeza yeye.

"Mimi ni mwenzake wa pasi," nikasema. "Amelala. Mngojeni."