Mnyamwezi Aliyeangukia Kabichi

Teksi ilikuwa imeshapita Sandton, na watu wote wenye safari za kueleweka walikuwa wameteremka. Mwadini alibaki nyuma peke yake, suti imembana kwapani, akitazama mtaa ambao hakuwahi kuukanyaga: kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu, miti iliyonyolewa kama wanafunzi wa bweni, na hakuna mtu hata wa kumuuliza njia. Katika miaka yake yote ya Johannesburg hakuwahi kuona mahali penye hofu kubwa namna hii na watu wachache namna hii.

Simu ikaita. Alikuwa Kidawa, mkewe, kutoka Troyeville.

"Umefika?"

"Hata sijui. Labda nimefika, labda nimepita."

"Sikiliza, baba Mayasa. Ukifika, msalimie Bwana Venter, mpe pole, kula kidogo, rudi nyumbani. Usifanye mambo yako ya Handeni."

"Mambo gani?"

"Unayajua. Wazungu hawana watani."

"Huyu alikuwa naye."

"Huyu amekufa! Venter ndiye yuko hai, na mama yake ndiye anataka mtu wa kumwogesha. Nyumba ya marehemu inauzwa, na kibarua chako kimekwisha naye. Tukikosa kazi hii, kodi ya hapa tutalipa kwa maandazi?"

"Haya, mama. Nitakuwa mpole kama maji ya mtungi."

Getini alipokelewa na mlinzi mwenye koti kubwa kuliko yeye, aliyemdai kitambulisho kwa Kiingereza, kisha akasikia salamu za kumuaga Kidawa kwenye simu, akacheka.

"Ah, yaya, unasema Kiswahili! Ile ya kwenu ya Tanzania, ya kitabu." Aliitwa Pitchou, wa Lubumbashi, ambako yaya ni kaka. "Unaenda kwa bale ba-pilote?"

"Marubani? Naenda msibani."

"Njo bale bale. Bamevaa kama vita iko inaendelea. Moja alinipigia saluti asubuhi. Mie nikamuliza: chef, tunapigana na nani?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na mle ukumbini mwa msiba hapakuwa na wa kulijibu.

Maana waliokusanyika mle walikuwa wanachama wa chama cha kuwaenzi marubani wa glaida. Glaida, kwa asiyeijua, ni ndege isiyo na injini. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi yaliziunda kwa mbao na gundi, yakazijaza askari na magari ya jipu, yakazifunga kamba nyuma ya ndege zenye injini na kuzikokota hadi juu ya adui. Hapo rubani huachia kamba, na kuanzia hapo hana njia nyingine ila chini. Kutua kwake mtu mkweli angekuita ajali. Akitoka mzima anashika bunduki na kupigana kama askari wa miguu, halafu anajitafutia mwenyewe njia ya kurudi. Ni kazi ambayo aliyeifanya hatamani kuirudia. Ndiyo maana huwashika sana wasioifanya. Wanachama wa Bwana Venter, aliyekiongoza chama, walikuwa wauza bima, wanasheria na mfanyabiashara mmoja wa vigae vya sakafu. Walikuwa na bereti, viatu vya kijeshi na vitambi. Walichokosa kwa muda mrefu ni rubani, na walipompata mmoja, Leonard Pask, aliyekuwa ameshavuka miaka mia moja, walimshika kama kikombe cha ushindi. Kila mwaka walimvika medali, wakampiga picha, wakamrudisha kwa Mwadini akiwa amejikojolea.

Mwadini alikuwa Mzigua wa Handeni. Alishuka Johannesburg kwa mabasi na malori, akauza mikanda Jeppe, akafungua spaza, kiduka cha mtaani, huko Diepsloot, ikavunjwa na watu waliomwambia arudi kwao, akafungua nyingine, ikavunjwa na watu walewale wakiwa na haraka zaidi. Mwishowe akajifunza kazi ya kulea wazee, kwa sababu hakuna aliyeandamana barabarani kudai apewe yeye kazi ya kubadilisha nepi za mtu mzima.

Siku ya kwanza alipomwinua Pask kitandani, alijisemea kwa Kiswahili: "Lo, mzito kama gunia la mkaa." Mzee akafungua jicho moja. "Gunia ya karanga," akasema. "Mimi kaa Urambo. Mimi Mnyamwezi."

Ilikuwa kweli. Baada ya vita alipelekwa Tanganyika kwenye ule mradi wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga, mradi uliozika fedha nyingi na kuvuna karanga za kutia mfukoni. Alikaa Urambo, katikati ya Unyamwezi, akajifunza Kiswahili cha kuamrisha, kisha akahamia kusini. Na Mnyamwezi na Mzigua ni watani. Kila mtu wa kule analijua hilo. Mtani anakutukana mbele ya mkwe wako, nawe huruhusiwi kununa. Akifiwa, unamfuata hadi kaburini ukimkejeli maiti, ili waliozidiwa na kilio wapate pa kucheka.

Mwadini alikuwa amepata mtani, na hilo likawaokoa wote wawili.

"Mnyamwezi gani wewe?" alikuwa akimwambia wakienda bafuni. "Wenzako walibeba mizigo hadi pwani. Wewe unabebwa hadi chooni."

"Pole pole, Mzigua. Mimi mzigo ya Malkia."

"Malkia alishakufa, akakuacha kwangu."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Binti yake, Rosalind, alisikia kicheko hicho kutoka jikoni na kudhani baba yake anakabwa.

Katika mazungumzo hayo ndipo Mwadini alipoisikia vita yote, hata sehemu ambazo chama hakikuzitaka. Na ndipo alipopewa sharti. "Mzigua, mimi kufa, hawa watu tafanya mimi sanamu," mzee alisema. "Wewe sema mimi. Kama mtani." Mwadini akaapa.

Sasa alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kiapo kimoja kwa marehemu, kingine kwa Kidawa, na Venter amesimama mbele ya jeneza akihutubia. Juu ya jeneza iliwekwa bereti ya marehemu, nyekundu iliyopauka. Venter alisema Pask hakujua hofu. Alisema alitua Uholanzi mwaka 1944 kwa ulaini wa unyoya. Alisema hakuwahi kukosea hata mara moja. Rosalind alikuwa ametazama mbele kwa macho makavu, kama mtu anayesikiliza wasifu wa kiongozi wa nchi nyingine.

"Na sasa," Venter akamalizia, "mtumishi wake mwaminifu atatuambia neno."

Mtumishi. Mwadini akainuka. Hadi anafika mbele alikuwa bado amekusudia kutoa pole na kukaa. Lakini alipoliona lile jeneza kimya vile, na watu wote wamenuna kwa heshima, mdomo ukamtangulia.

"Mwongo huyu!" akasema kwa Kiingereza, akipiga kifuniko kofi. "Mnyamwezi mwongo, amelala, anawaacha mdanganywe!"

Kikombe kikaanguka mahali fulani.

"Ulaini wa unyoya? Siku ya kwanza hata Uholanzi hakuiona! Kamba ilikatika wangali Uingereza, ndani ya wingu. Akaanguka kwenye shamba la kabichi. Akatoka na bunduki, akamkuta mkulima, akamwamuru kwa Kijerumani anyooshe mikono. Mkulima akamwambia: Kijana, hapa ni nyumbani kwenu, na umesimama juu ya kabichi zangu."

Aliiga mkulima. Aliiga pia Pask akishusha bunduki na kuomba msamaha kwa Kijerumani. Kutoka safu ya mbele kikatoka kicheko kifupi, cha mtu asiyetarajia. Alikuwa Rosalind, akajiziba mdomo upesi. Kwa Mwadini kicheko hicho kilitosha kuwa ruhusa. Akafanya kama afanyavyo mtani yeyote msibani: akanyakua bereti juu ya jeneza, akaitia kichwani mwake, akakunja mikono.

"Haitoki hii. Mpaka mwenye maiti aikomboe."

Handeni, hapo shangazi mmoja angemletea kuku, au chumvi kidogo, watu wangevutana na kucheka, na kofia ingerudi. Hapa wanaume watatu waliovaa kijeshi walimshika mabega. Hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kupigana, na walikuwa watatu kwa mmoja. Mfanyabiashara wa vigae aliteguka mkono.

"Anaiba!" Venter alipiga kelele. "Anamwibia maiti!"

"Mwachieni." Rosalind alikuwa amefika. Akamtazama Mwadini usoni. "Unataka nini?"

"Kitu chochote, dada. Kidogo tu. Ndiyo desturi."

Akageuka, akachukua sambusa kwenye meza ya chakula, akampa. Mwadini akaipokea kwa mikono miwili, akavua bereti, akaifuta vumbi kwa mkono wa suti, akairudisha juu ya jeneza taratibu.

"Hizo kabichi," Rosalind akauliza, "ni kweli?"

"Kweli tupu. Na kesho yake wakampandisha glaida nyingine, akaenda akijua sasa ilivyo. Alitetemeka hata rafiki yake wa kiti cha pili ndiye aliyemfungia mkanda. Walipogonga chini, gari la jipu lililofungwa nyuma likakatika kamba, likaja mbele, likamuua yule rafiki. Baba yako akachukua bunduki ya mwenzake na kuendelea kwa miguu. Kila usiku nikimzimia taa alikuwa ananiambia nikague mkanda wake. Nilikuwa naukagua. Hana mkanda mtu aliyelala, lakini nilikuwa naukagua."

Rosalind akashika ukingo wa jeneza. Sasa machozi yalikuja, na hakuna aliyehitaji kuhutubia.

Venter alimfuata Mwadini hadi mlangoni, uso umepata rangi ya bereti yake.

"Kuhusu mama yangu. Nadhani unaelewa haitawezekana. Mama ni mtu wa heshima."

"Naelewa, Bwana Venter. Yeye ni wa kabila gani?"

"Samahani?"

"Basi. Sharp," Mwadini akaaga kama watu wa Johannesburg.

Akaondoka akila sambusa. Haikuwa na pilipili hata kidogo. Getini Pitchou alimtazama kola iliyochanika.

"Banakufukuza, yaya?"

"Wamenifukuza."

"Na kazi?"

"Imekwenda na maji."

"Eish. Na madame wako?"

"Huyo ndiye vita yenyewe," Mwadini akasema.

Akavuka barabara, akainua kidole juu kusimamisha teksi ya mjini. Ilisimama, akaingia, ikapinda kwenye robot, zile taa za barabarani, na kutoweka. Mle ukumbini wageni walibaki. Venter aliomba kila mtu akae, akakohoa, akaanza hotuba yake tena tangu mwanzo, na alipofika kwenye ule unyoya, binti wa marehemu alicheka peke yake, kwa sauti, hadi Venter akashindwa kuendelea.