Simba Jike wa Naipingo

Baba yangu alichukuliwa na simba shambani kwetu Naipingo, mahindi yakiwa yameanza kukomaa. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi Nachingwea mjini. Shemeji yangu, mume wa dada, alinifuata kwa baiskeli akanikuta darasani. Hakuingia. Alisimama mlangoni, shati limemganda kwa jasho, akasema, "Mwalimu, twende nyumbani." Siku zote aliniita kwa jina. Aliponiita mwalimu, nikajua.

Miaka ile nguruwe pori walikuwa wamezidi. Kwetu wengi ni Waislamu, nguruwe haliwi, hivyo hakuna aliyejisumbua kumwinda. Swala na nyati ndio walioishia kwenye mitego. Simba walipokosa chakula porini, wakawafuata nguruwe mashambani, na huko wakawakuta watu wamelala kwenye madungu, vichanja vya mashambani, wakilinda mazao. Baba alilala dunguni kila msimu. Mama akimwonya, alicheka tu: "Nyama yangu ngumu hii, atavunjika meno."

Tulizika kilichopatikana. Sanda ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

Mama akiwa bado kwenye eda, bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, na askari wake wakampiga risasi simba jike bondeni, wakamleta kijijini kwenye gari. Watu walimrukia kwa fimbo na mawe, wengine wakiita majina ya ndugu zao waliokufa. Mama hakuweza kutoka, akanituma nikamwangalie kwa niaba yake. Nilikwenda na jiwe mkononi. Nilidhani nitaona jitu la kutisha. Nikakuta mnyama aliyekonda, mbavu nje, na mguu wa nyuma umeingiwa na waya wa mtego hadi mfupani. Chuchu zake zilikuwa zimejaa. Mtu mmoja alipompiga tumboni, maziwa yakatoka.

Jiwe nikaliacha palepale.

Nilimsimulia mama kila kitu, mpaka yale maziwa.

"Kumbe naye mzazi," akasema, kisha akageukia ukutani. "Afadhali ungeniambia alikuwa dume."

Miaka ikapita. Tulishaingia elfu mbili na kitu, mtaalamu mmoja wa wanyamapori, mwanamke wa makamo, alipozunguka vijiji vyetu hadi Nandagala, upande wa Ruangwa, akiuliza habari za simba. Alipofika Naipingo nilikuwa likizo. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani wao, nikigeuza kwa Kimwera.

"Bibi, mara ya mwisho kumsikia simba akinguruma ni lini?"

"Msimu tuliozika," mama akajibu.

Mtaalamu akaniuliza ni nani aliyezikwa. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini, akatupa pole, akataka kuaga. Mama akamshika mkono.

"Kaa. Niambie, unamtafutia nini?"

Akakaa tena mkekani, akaeleza taratibu. Kila mnyama hupangwa daraja lake, akasema. Wapo wasiotia wasiwasi, wapo wanaokaribia kuingia hatarini, wapo walio hatarini, na mwisho kabisa wapo waliokwisha kutoweka duniani. Hawatazami tu wamebaki wangapi leo. Wanatazama pia wamepungua kiasi gani kwa muda wa vizazi vitatu, na ni sehemu gani walikuwepo zamani na sasa hawapo.

"Mnawahesabu wote?" mama akauliza.

"Wakubwa tu, wanaoweza kuzaa. Watoto hatuwatii kwenye hesabu, maana wengi hawafiki ukubwani."

Maneno hayo niliyageuza polepole. Mama aliyasikiliza, akayaelewa kuliko nilivyotaka.

"Na wale ambao mama yao ameuawa?"

"Hao, bibi, ni vigumu sana kupona."

Mama alitikisa kichwa. "Na sisi tunaolala madunguni, nani anatupanga daraja?"

Yule mtaalamu aliinamisha macho. "Sijui, bibi. Mimi nimetumwa simba." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo kwamba simba mwenyewe ameshaingizwa kwenye daraja la walio hatarini, na kwamba huku kwetu anaogopa atakuta hakuna.

Alipoondoka, mama alilia. Tangu atoke eda sikuwahi kumwona akilia.

"Mama, unamlilia simba?"

"Simlilii. Wala sijamsamehe." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Lakini baba yenu alipokufa nilijifariji kwamba ameuawa na mwenye nguvu. Leo naambiwa ni mnyonge mwenzetu. Sasa hasira yangu niiweke wapi?"

Nilikaa naye tu mkekani mpaka jua lilipotufikia, tukahamisha mkeka.

Mama alifariki kwa malaria miaka michache baadaye. Simba hawakusikika tena upande ule. Nguruwe wapo, mahindi na mihogo wanakula. Shemeji bado analala dunguni, ingawa magoti yanamsumbua, na dada kila asubuhi husimama nje akiitazama njia ya shamba mpaka amwone mumewe anakuja.