Aliyerudi Kunikanya Kuhusu SSD

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi ni fundi kompyuta hapa Ilomba, Mbeya, mlokole wa kawaida tu, na habari za mizimu nilikuwa nazicheka. Hili lilinitokea saa mbili asubuhi, wala si usiku wa manane, na nilikuwa nimeshakunywa chai.

Kazi nilifundishwa na Mzee Jayanti, Mhindi aliyekuwa na duka la redio na kompyuta mjini. Alinipokea sijui hata kushika bisibisi, akanilea kama mwanawe. Enzi zile diski zilikuwa na sahani ndani zinazozunguka, na mafaili yalitawanyika humo. Kila Ijumaa tuliyapanga upya, tukizima hiki na kurekebisha kile, ili kompyuta iende haraka. Alipofariki mwaka juzi, nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu. Na Ijumaa yake sikuiacha. Hata kwenye hizi diski za kisasa, SSD, ambazo hazina sahani wala chochote kinachozunguka, niliendelea kupanga. Niliona nikiacha nitakuwa nimemsahau.

Sasa, Ijumaa hiyo ukungu ulishuka hadi mlangoni. Mezani nilikuwa na laptopu ya Mama Tuma, mwalimu wa kwaya kutoka Mbalizi. SSD yake ilikuwa ya siku nyingi, imechoka, inakwamakwama. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya marehemu mama yake akiimba, na nakala nyingine haikuwepo popote. Nikafungua programu ya kupanga mafaili. Kidole kikawa juu ya kitufe.

"Ugonile, mwanangu."

Nikainua macho. Mzee amekaa kwenye stuli ya wateja, sweta ya kahawia, miwani imefungwa uzi mwekundu upande mmoja. Hivi, ni Wahindi wangapi wa Mbeya wanaokusalimu kwa Kinyakyusa na miwani yao ina uzi mwekundu? Nilimjua palepale. Niamini. Ila nikajifanya simjui, maana niliogopa nikimtaja jina ataondoka.

"Nimeamka salama, mzee. Karibu."

"Unapanga nini humo?"

"Mafaili. Kila Ijumaa napanga. Ndivyo nilivyofundishwa."

Akaguna, vilevile alivyokuwa akiguna nikichomeka waya vibaya. "Hii haina sahani, mwanangu. Kila ukiandika kitu ndani yake inachakaa. Ukihamishahamisha mafaili unaichosha bure. Mfumo wa kompyuta wenyewe unajua kuitunza. Toa nakala, halafu iache."

"Lakini aliyenifundisha..."

"Alikufundisha ya wakati wake," akasema taratibu. "Msamehe."

Nikachomeka flashi, nikanakili nyimbo zile moja moja, nimeinamisha kichwa asione machozi yangu. Wimbo wa mwisho ulipomaliza kuingia, skrini ikaganda, na SSD ile haijasoma tena hadi leo. Nikageuka kumwambia asante. Stuli ilikuwa tupu. Mlango wangu hulia ukifunguliwa, hata mtaa wa pili wanausikia, lakini siku ile haukulia.

Mama Tuma alipokuja, alikaa kwenye stuli hiyohiyo akamsikiliza mama yake, akalia. Nami nikalia naye. Alidhani namwonea huruma.

Tangu hapo sigusi mipangilio ya SSD ya mtu. Wateja wengine wananinung'unikia, eti fundi gani huyu hafanyi kitu. Nawaambia kitu cha kufanya ni kutoa nakala. Stuli ile siihamishi, na kila Ijumaa naweka kikombe cha chai ya tangawizi karibu yake.

Nawe unayenisoma, sikia. Kama diski yako ni SSD, achana na wanaokwambia zima hiki, badilisha kile. Na kama una sauti ya mama yako sehemu moja tu, toa nakala leo, usingoje kesho, maana si kila mtu ana mzee wa kumrudia.

Ila mimi mwenyewe nina dhambi moja, bora niiseme. Ijumaa nyingine ukungu ukishuka, nafungua ile programu makusudi, kwenye SSD yangu mwenyewe. Naweka kidole juu ya kitufe, sibonyezi, naangalia stuli, nasubiri anigombeze.