Krismasi iliangukia Jumamosi, nami nikafika kwa mama mkwe Msabato na unga haujakandwa

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nauza mitumba ya watoto hapa Migori mjini. Kawaida nasoma nyuzi zenu kimya kimya na kucheka peke yangu kibandani. Leo nami nimeleta yangu. Yalitokea kama ninavyoandika, na mahali nilipokosea mimi nitasema nilikosea mimi.

Nianze na familia ili msipotee.

Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, kwetu Uriri. Mume wangu, Baba Hawi, ni Msabato, kwao ni karibu na Rodi Kopany. Tulipooana tulikubaliana kila mtu abaki na kanisa lake. Jumamosi anaenda yeye, Jumapili naenda mimi, na binti yetu Hawi anaenda kote kuwili. Ana miaka mitano na anasali kuliko askofu.

Miezi kumi na moja mpango huo hauna shida. Shida ni Desemba.

Mama mkwe wangu, ambaye Hawi humwita Dani, yaani nyanya, ni shemasi kwenye kanisa lao. Hasherehekei Krismasi. Si kwa ubaya, anasema tu hajawahi kuiona tarehe hiyo kwenye Biblia.

(Tafadhali msianze kurushiana mistari hapo chini. Kuna Wasabato wanaokula Krismasi kunishinda mimi. Naongea juu ya huyu mmoja.)

Sasa kuna mwaka alitutembelea wiki ya Krismasi, akakuta nimefunga ribboni na baluni sebuleni. Akasema hii ni sikukuu ya soda. Mimi na huu mdomo wangu nikamjibu, "Mama, hata soda ni baraka. Ni vile wewe hutaki watu wafurahi."

Kwetu mke wa mtoto hamjibu mama mkwe hivyo. Nilijua nimeharibu hata kabla sijamaliza kusema. Alichukua mkoba wake akaenda stage kupanda gari la kurudi kwake.

Miaka mitatu tukawa tunaongea kupitia Baba Hawi, kama ofisi mbili za serikali. "Mwambie mama asante kwa njugu." "Mwambie mke wako karibu." Hivyo hivyo.

Aliyeumia ni Hawi. Kila Krismasi alikuwa anauliza Dani yuko wapi, na kila Krismasi tunasema Dani ana kazi shambani.

Mwezi wa Novemba, akiongea na nyanya yake kwa simu, mtoto akauliza: "Dani, kwani hunipendi Krismasi? Siku zingine unanipenda."

Nikasikia Dani anakohoa. Halafu akasema, "Mwambie babako akulete."

Mimi nilichosikia ni kwamba Dani amekubali Krismasi. Baba Hawi akanionya, "Amesema tu mtoto aletwe." Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya chapati.

Na hapa ndipo kosa langu linaanza.

Kwetu chapati za Krismasi zinapikwa siku ya Krismasi, unakula zikitoka kwa pan. Kwa hiyo nikabeba kila kitu kikiwa kibichi. Unga, mafuta, na jogoo mkubwa kutoka soko la Ogwedhi. Kalenda sikuangalia. Muuza nguo za watoto Desemba hajui Jumanne wala Alhamisi, siku zote ni wateja. Baba Hawi alijua Krismasi ni Jumamosi, lakini aliona mzigo ni mzito akadhani nimeshapika.

Tukafika Ijumaa saa tisa na nusu alasiri.

Dani alikuwa amemaliza matayarisho yake. Nyumba imepigwa deki, nguo za kanisa zimepigwa pasi, wali na maharagwe viko kwa hotpot. Alimkumbatia Hawi, akanipa mimi mkono, kisha akachungulia mfuko wangu.

"Hii unga yote ni ya nini?"

"Ya chapati ya kesho, Mama."

"Kesho gani?"

"Si kesho ni Krismasi?"

"Kesho ni Sabato."

Kwa wasiojua, nyumbani kwa Dani jua likizama Ijumaa hakuna kupika mpaka lizame tena Jumamosi. Chakula chote kinakuwa tayari mapema. Na mimi nimeolewa hapo miaka saba!

Nikataka kusema tuache tu, tutapika Jumapili. Kabla sijafungua mdomo, msichana wa jirani akaingia na sahani mkononi.

"Dani, Hawi amesema kesho kuna Krismasi kwako na kila mtu anapata chapati mbili. Tukuje na sahani ama ziko?"

Kumbe wakati sisi tunateremsha mizigo, Hawi alikuwa ameshazunguka boma za jirani akialika.

Dani akauliza polepole, "Amealika wangapi?"

Yule msichana akahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza tena. "Kumi na nne."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Boma la shemasi, siku ya Sabato, watoto kumi na wanne wanakuja kula Krismasi. Lakini kilichoniumiza zaidi ni Hawi. Alikuwa amesimama mlangoni anamwangalia Dani bila kupepesa. Dani akisema hapa hakuna Krismasi, mtoto atakuwa amepata jibu la lile swali lake la kwenye simu, tena mbele ya marafiki wapya.

Dani akamwangalia Hawi. Akaangalia jua. Akafunga leso kiunoni.

"Jua inazama saa kumi na mbili na nusu," akasema. "Nyar Uriri, unangoja nini? Kanda."

Nyar Uriri ni binti wa Uriri. Ndivyo wanavyomwita mke anayetoka kwetu. Miaka mitatu sikuwa nimeitwa hivyo na yeye.

Wakuu, nikakanda! Nilikanda mpaka mabega yakalia. Dani anasukuma, mimi nageuza, Baba Hawi anapuliza kuni huku machozi yanamtoka. Alipojaribu kusukuma moja, ikatoka na kona saba, akafukuzwa mezani.

Alitaka kuchinja jogoo, mamake akamkataza. "Jogoo ya kienyeji? Mpaka iive, jua itakuwa imezama na kutoka tena. Mfunge huko." Hakuna aliyefurahia Krismasi ile kumshinda huyo jogoo.

Chapati ya ishirini hivi, Dani akaangalia kazi yangu. "Kwenu mnageuza chapati ama mnaipiga?"

"Mama, nakimbizana na jua."

Akacheka. Nami nikaona nikikosa nafasi hii nimeikosa kabisa. Nikasema, "Mama, ile maneno ya soda nilikukosea. Nisamehe."

Hakuinua macho. "Geuza hiyo, inaungua." Nikageuza. Baada ya kusukuma zingine mbili akasema, "Na mimi niliingia nyumba ya mtu nikatukana baluni zake."

Yakaisha hapo.

Chapati ya arobaini ilitoka motoni jua likiwa limebaki ukucha tu. Dani akanawa, akatuita sote, akaikaribisha Sabato kwa sala. Mimi niliitikia amina nikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

Jumamosi mimi na Hawi tulihudhuria misa ya asubuhi kwenye kanisa Katoliki la sokoni, kisha tukamfuata Dani kanisani kwake. Hawi yuko ndani ya gauni jekundu la kibandani kwangu. Watoto wakaitwa mbele kuombewa. Sala ilipoisha, binti yangu akapiga ishara ya msalaba, ile kubwa, kwa sauti ya kufika barabarani.

Mama mmoja wa mbele akageuka kumwangalia Dani. Nikafumba macho kusubiri aibu.

Dani akamwambia, "Mtoto ameomba. Wewe ulikuwa umefungua macho ya nini wakati wa maombi?"

Mama wa watu akarudi kuangalia mbele.

Mchana watoto wakaja. Kumi na wanne walikuwa wamekuwa kumi na tisa. Wakaketi kwa mikeka, Dani mwenyewe akagawa chapati na maharagwe kutoka kwa hotpot. Yule msichana wa sahani, ambaye inaonekana haogopi mtu, akauliza kwa sauti: "Dani, kwani leo ni Krismasi?"

Baba Hawi akaanza kuchunguza sahani yake.

Dani akasema, "Leo ni Sabato. Na leo mjukuu wangu ana wageni. Kula."

Halafu akashuka kwenye kiti chake, akaketi mkekani kando ya Hawi, na magoti yake yale mabovu, akala chapati.

Hawi akanivuta sikio, akaninong'oneza: "Mama, ananipenda hata leo."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Siwezi kuwadanganya.

Jumapili jioni Dani akatusindikiza hadi barabarani. Tukingoja gari, akaniuliza mimi, si Baba Hawi: "Mwaka ujao hiyo siku yenu itakuwa lini?"

"Jumapili, Mama."

Akafikiria. "Basi jioni ya kuamkia hiyo siku Sabato itakuwa imeisha. Tutapika bila kukimbizwa. Kuja na unga mingi, hao watoto watarudi."

Nilichojifunza ni hiki. Miaka mitatu nilikuwa nataka mama mkwe akubali sikukuu yangu. Mtoto hakuwa anataka hilo. Alitaka nyanya yake aketi naye siku hiyo, aiite jina lolote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeziba njia kwa mdomo wangu. Pia angalieni kalenda kabla ya kubeba unga.

Haya, nyinyi wenye makanisa mawili ndani ya nyumba moja, ama kanisa na msikiti, Desemba mnaipangaje, na watoto mnawaambia nini? Mwageni hapa, nasoma zote kibandani. Na atakayesema chapati arobaini kabla jua kuzama haiwezekani, aje Migori nimwonyeshe mabega.